Mserereko wa Utotoni na Ufundishaji wa Insha ya Masimulizi

1. Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayomsumbua mwalimu wa Kiswahili katika madarasa ya juu ya shule ya msingi ni insha zisizo na uhai. Mwanafunzi hupewa kichwa cha habari, hushika kalamu, na kipindi kinapokwisha hurudisha sentensi sita ambazo zingeweza kuandikwa na mtoto yeyote wa mahali popote. Huenda sentensi hizo zikawa sahihi kisarufi, lakini hazina mtu ndani yake. Walimu wengi hulaumu uchache wa msamiati. Sisi twaona kwamba aghalabu chanzo cha udhaifu huo ni jambo lenyewe ambalo mwanafunzi ametakiwa aliandikie.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kufundisha insha ya masimulizi kwa kutumia kumbukumbu za utotoni, hasa kumbukumbu za kuserereka na kuanguka. Mfano wetu umetoka Nduguti, makao makuu ya wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, ambako tumewatembelea wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hoja yetu ni hii: mtoto aliyepata kuanguka, akainuka, akaenda nyumbani kueleza, tayari amekwisha kutunga masimulizi. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia ayaone, ayapange na kuyaandika.

2. Habari iliyotuletea swali

Katika darasa moja la sita, mwanachuo alifundisha ufahamu kwa kutumia habari fupi kuhusu watoto wa Ulaya waliopanda sleji wakati wa kipupwe. Sleji ni chombo cha kubebea watu au mizigo kisicho na magurudumu, ambacho huteleza juu ya theluji. Katika habari hiyo watoto watatu waliteremka kilima kwa kasi, wakagonga ua wa mbao, wakarudi nyumbani wakilia na kucheka kwa pamoja. Maswali yaliulizwa na majibu yakatolewa. "Watoto walipanda nini?" "Walipanda sleji." Alama zilikuwa nzuri.

Siku ya pili wanafunzi walipewa insha yenye kichwa "Siku Niliyoanguka". Tulipozipitia kazi zao tulikuta kwamba wengi waliandika hivi, au karibu na hivi: "Siku moja nilipanda sleji na ndugu zangu. Theluji ilikuwa nyingi. Nikaanguka. Mama akaja." Haya yaliandikwa Nduguti, mahali ambapo mtoto huweza kuzeeka bila kuiona theluji hata siku moja! Tena wakati wa mapumziko watoto hao hao walikuwa wakipanda jabali lililo karibu na uwanja, wakikalia matawi yenye majani na vipande vya madumu yaliyokatwa, na kuserereka hadi chini kwa vigelegele.

Jambo hili latupasa tulitafakari. Watoto wale hawakukosa maneno. Walikuwa wamejifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba kuanguka kunakostahili kuandikwa ni kwa watoto wa kitabuni, na kwamba kuanguka kwao wenyewe si habari. Mwanafunzi akishaamini hivyo, hataandika vizuri hata akipewa kamusi nzima. Mwalimu Julius Nyerere aliandika katika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, dhidi ya elimu inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Kwa kawaida tunapoyasoma maneno hayo tunafikiri juu ya shamba la shule. Yafaa tufikiri pia juu ya daftari la insha.

3. Namna ya kuieleza theluji

Hatusemi kwamba habari za nchi za mbali ziondolewe darasani. Mtoto ana haki ya kuijua dunia. Lakini mwalimu hana budi kujenga daraja kati ya kinachojulikana na kisichojulikana, na daraja hilo lianzie upande wa mtoto.

Mwalimu aweza kuanza na maneno. Mtoto wa Singida huenda ameona mvua ya mawe, na wengi wameshika barafu iliyotoka kwenye jokofu. Neno "theluji" tumelipata kutoka Kiarabu. Neno "barafu" latoka Kiajemi, na huko asili yake maana yake ni theluji. Kwetu sisi maneno hayo mawili yamegawana kazi: barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu, na theluji ni chembe nyeupe nyepesi zinazodondoka kutoka mawinguni na kulundikana chini. Kuna pia jalidi, yaani umande ulioganda juu ya majani, ambao wenyeji wa Kitulo huko Makete huuona katika miezi ya Juni na Julai. Hivyo mwanafunzi ataelewa kwamba baridi ya namna hiyo imo hata ndani ya nchi yake.

Mfano ulio bora zaidi ni Kilimanjaro, mlima wenye kimo cha mita 5,895. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya kilele chake. Alipomwuliza kiongozi wake wa safari kile ni nini, yule hakuwa na jina la kukiita. Alijibu tu kwamba ni baridi. Habari ya Rebmann ilipochapishwa mwaka 1849, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London, W. D. Cooley, aliikataa. Hakuwa amefika, lakini aliona kwamba theluji karibu na Ikweta haiwezekani. Baadaye wasafiri wengine walithibitisha kwamba Rebmann alisema kweli.

Kisa hiki chafaa sana kusimuliwa katika somo la insha. Kinaonyesha tofauti kati ya aliyeona na asiyeona. Kinaonyesha pia kwamba mtu asiyekuwa na jina la kitu aweza kukieleza kwa namna mwili wake unavyokihisi. Kiongozi yule alisema neno moja tu, nalo lilikuwa la kweli. Mwanafunzi anayeanza kuandika na afuate njia hiyo: aseme kwanza kile ambacho ngozi, sikio na jicho vilikijua.

Darasa likitaka mfano wa karibu zaidi na wakati wetu, mwalimu aweza kumtaja Philip Boit wa Kenya. Alikutana na theluji akiwa mtu mzima, akajifunza kuteleza juu yake kwa mbao za miguuni, na mwaka 1998 akashiriki mbio za kilomita 10 katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alifika wa mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa angali akimngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Watoto hukielewa kisa hiki mara moja, kwa kuwa kila mmoja wao amepata kungojwa chini ya jabali.

4. Kwa nini kumbukumbu ya kuanguka?

Tumechagua kuanguka kwa sababu tatu.

Kwanza, tukio la namna hiyo lina mpangilio wa asili. Pana kupanda, pana ukingoni ambapo mtu husita, pana mteremko, pana kishindo, na pana yale yafuatayo. Mwanafunzi hahitaji kufundishwa mwanzo, kati na mwisho kama kanuni ngeni. Jabali lenyewe limeshampangia.

Pili, tukio hilo lina sababu na matokeo. Mtoto alianguka kwa kuwa tawi lilivunjika, au mwamba ulikuwa na ukoga baada ya mvua, au kaka yake alimsukuma kabla hajajiweka sawa. Viunganishi kama "kwa sababu", "kwa hiyo", "ijapokuwa" na "laiti" hupata kazi ya kweli.

Tatu, na hii ndiyo sababu iliyo kubwa, kuanguka kwa mtoto ni mali ya jamaa nzima. Mama anakumbuka kaptura iliyochanika. Bibi anakumbuka dawa aliyoweka. Kaka anakumbuka kwamba yeye hakuwa na kosa. Jamaa wakikaa jioni kisa hicho husimuliwa tena, na kila msimulizi huongeza lake. Mwanafunzi hugundua kwamba tukio moja lina wasimulizi wengi na kwamba kila mmoja huona kutoka mahali aliposimama. Ufahamu huo ni msingi wa fasihi yote.

5. Mpango wa vipindi vinne

Mpango ufuatao umejaribiwa katika darasa la sita kwa vipindi vinne vya dakika 40. Mwalimu aweza kuurekebisha kulingana na darasa lake.

Kipindi cha kwanza: Kusimulia. Mwalimu aulize, "Nani kati yenu amepata kuserereka jabalini, au katika ukingo wa korongo wenye tope, au kwa kigari cha mbao?" Wanafunzi wakae wawili wawili na kila mmoja amsimulie mwenzake kwa dakika tano. Msikilizaji asikatize, mwishoni aulize maswali mawili tu kuhusu jambo asiloweza kuliona akilini. Wachache wasimulie mbele ya darasa. Mtoto akikwama, atumie neno la lugha ya kwao, Kinyiramba au Kinyisanzu, na darasa limsaidie kupata la Kiswahili. Mwalimu asiandike makosa yoyote siku hiyo.

Kazi ya nyumbani: Kila mwanafunzi amwombe mtu mzima wa nyumbani, awe bibi, babu, mama, shangazi au mjomba, amsimulie jinsi yeye alivyoanguka alipokuwa mtoto, au jinsi anavyokikumbuka kisa cha mwanafunzi mwenyewe. Asiandike neno kwa neno. Asikilize, akumbuke mambo matatu.

Kipindi cha pili: Kulinganisha. Wanafunzi waeleze walichosikia na palipotofautiana. Mwalimu achore ubaoni mstari wa jabali unaopanda na kushuka, na juu ya mstari huo darasa lipange kisa kimoja: nani walikuwapo, walikalia nini, jua lilikuwa wapi, nini kilisikika, nani alifika wa kwanza kumwinua aliyeanguka. Baada ya hapo maneno yakusanywe: kuserereka, kuteleza, kubingirika, kuparuza, kuchubuka, kuteguka, kishindo, ukingo, mwinamo, ukoga. Maneno haya yatoke katika visa vyao kwanza, ndipo mwalimu aongeze yanayokosekana.

Kipindi cha tatu: Kuandika. Kila mwanafunzi aandike kisa chake. Maagizo ya mwalimu yawe machache: anza karibu na tukio, usituambie kwamba uliogopa bali tueleze mikono yako ilifanya nini, mwishoni tueleze waliyoyasema nyumbani.

Kipindi cha nne: Kusoma na kurekebisha. Wanafunzi wabadilishane madaftari na kusomeana kwa sauti. Msikilizaji aseme mahali alipoona vizuri na mahali palipomtatiza. Ndipo mwandishi arekebishe. Mwishoni kabisa mwalimu aisome tena habari ya sleji. Safari hii darasa litajua kwa nini watoto wale walilia na kucheka kwa pamoja.

6. Mfano wa kazi

Ili kuonyesha tofauti, tunaweka hapa mifano miwili ya mwanafunzi mmoja. Tumeiandika kwa maneno yetu, kwa kufuata alivyoandika yeye. Kabla ya vipindi vile insha yake ilikuwa hivi:

"Siku moja nilikwenda kucheza. Nilifurahi sana. Nilianguka na kuumia. Nililia sana. Tangu siku hiyo sitacheza tena."

Baada ya vipindi vinne aliandika hivi:

"Dumu lilikuwa moja na sisi tulikuwa wanne. Kaka alikaa mbele kwa sababu dumu lilikuwa lake. Mimi nilikuwa wa mwisho, nusu juu ya dumu na nusu juu ya jabali. Tulipofika katikati nilisikia kaptura inalia. Nilishika shati la dada, nalo likaniachia kifungo mkononi. Wao walifika chini juu ya dumu, mimi nilifika peke yangu. Nyumbani mama aliuliza nani ameanza. Kaka akasema jabali. Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kile kifungo ninacho mpaka leo, dada hajui."

Mwalimu atazame nini kimetokea. Msamiati wa insha ya pili si mgumu kuliko ule wa kwanza. Hakuna methali, hakuna tamathali iliyokaririwa. Lakini tunawaona watu wanne juu ya dumu moja, na kifungo kile hakiwezi kutoka katika daftari la mtoto mwingine. Tuangalie pia mwisho. Katika insha ya kwanza mwanafunzi aliweka funzo ambalo si la kweli, maana kesho yake alikuwa jabalini. Desturi ya kumlazimisha mtoto amalizie kwa funzo humfundisha kusema uongo kwa heshima. Kisa kikielezwa sawasawa, funzo hujitokeza lenyewe.

7. Tahadhari kwa mwalimu

Njia hii hufungua mlango, na mwalimu awe tayari kwa kitakachopita mlangoni. Watoto wengi huficha maumivu. Mtoto aliyechana sare huogopa fimbo kuliko jeraha. Hivyo hufunika kidonda kwa kitambaa na kunyamaza. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, mtoto alisimulia kwa kuchekesha jinsi alivyoserereka juma lililopita, na mwenzake akaongeza kwamba mguu ungali umevimba. Darasa lilicheka. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha hakucheka. Alimwita mtoto baada ya kipindi, akautazama mguu, akakuta kidonda chini ya goti kimeanza kutunga usaha. Mzazi aliitwa kwa upole na mtoto akapelekwa zahanati siku ile ile. Isingalikuwa masimulizi, kidonda kile kingaliendelea kufichwa.

Kwa hiyo mwalimu ashike mambo haya. Asimwadhibu mtoto kwa jambo alilolisimulia darasani, hata kama lilikuwa kosa. Akimwadhibu mmoja, wote watarudi katika theluji ya kitabuni. Ajue kanuni za huduma ya kwanza: jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni; lililochafuka kwa udongo au lililo na kina lionwe na mganga, maana pepopunda huingia kwa njia hiyo; kiungo kinachodhaniwa kuvunjika kisivutwe wala kukandwa. Mtoto aliyeanguka na kugonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida au kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja.

Aidha, si kila kumbukumbu ni ya kuchekesha. Pengine yupo mtoto aliyepoteza ndugu kwa ajali, au anayeishi mbali na wazazi. Huyo aruhusiwe kuchagua kisa cha mtu mwingine, na asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake.

8. Uhusiano na masomo mengine

Somo hili laweza kuendelezwa katika Sayansi. Swali la wanafunzi huwa tayari: kwa nini siku ya mvua tulianguka na siku ya jua tulikwama? Jibu limo katika msuguano. Mwalimu atwae ubao mmoja, jiwe bapa, rula, mchanga, maji na sabuni. Jiwe liwekwe juu ya ubao na upande mmoja uinuliwe polepole hadi jiwe lianze kuteleza. Kimo cha upande ulioinuliwa kipimwe na kuandikwa. Jaribio lirudiwe ubao ukiwa mkavu, ukiwa umelowa, ukiwa na mchanga na ukiwa umepakwa sabuni. Mwalimu asitangulie kutoa jibu. Wanafunzi wakadirie kwanza, ndipo wapime. Wakiisha kupima wajiulize kwa nini sleji huenda mbali hata katika mteremko mdogo: msuguano kati yake na theluji ni mdogo mno.

Katika Jiografia darasa laweza kuzungumzia panda la mti linaloburuzwa na ng'ombe kupeleka jembe au maji shambani. Chombo hicho kimetumika katika sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Nacho ni sleji ya nchi kavu. Hakina gharama, lakini njia yake huchimbika na mvua ikinyesha huwa mfereji, na baada ya miaka mfereji huwa korongo.

9. Kusahihisha

Tunapendekeza alama 20 zigawanywe hivi: mpangilio wa tukio 5, mambo mahususi yaliyoonwa na kusikika 6, matumizi ya viunganishi na nyakati 4, tahajia na alama za uandishi 3, na urekebishaji baada ya kusomewa 2. Mwalimu atagundua kwamba tumeyapa mambo mahususi alama nyingi kuliko tahajia. Hatudharau tahajia. Mtoto mwenye jambo la kusema atataka lisomeke, naye atajifunza tahajia kwa hiari. Asiye na la kusema hana sababu ya kujali.

10. Hitimisho

Walimu wenzetu, si kila shule ina jabali karibu, lakini kila shule ina watoto walioanguka mahali fulani: kutoka mwembeni, kwenye ngazi, baiskelini, ndani ya mtumbwi. Kila mahali pana ukingo wake na pana bibi anayekumbuka. Kabla ya kumpa mwanafunzi kichwa kingine cha habari, mwalimu na aulize kwanza makovu yaliyo magotini mwake yalipatikanaje, kisha akae chini asikilize.